Msiniombe Mchango, Niombeni Hesabu

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wakazi wa wadi yetu, huku Pwani ya Kenya, tulipokutana chini ya mwembe ulio karibu na kisima siku niliyotangaza nia ya kugombea kiti cha mwakilishi wadi. Nimeiandika yote kwa ajili ya waliokuwa baharini, walio kazini Mombasa na Ghuba, na waliobaki nyumbani wakiuguza.

Wazee wangu, mama zangu, mashekhe na wachungaji, vijana, na nyinyi watoto mliopanda juu ya ukuta wa kioski: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Nawashukuru kwa kuja, na wengine wenu mmetembea tangu alfajiri. Najua wapo waliokuja wakitarajia kwamba tutakapomaliza kutagawiwa leso na pakiti za unga, kwa kuwa ndivyo tulivyozoeshwa. Nawaambia mapema ili mwenye shughuli zake asipotezewe muda: leo hakuna leso, hakuna unga, wala hakuna noti ya mia mbili iliyokunjwa kiganjani. Nimekuja na kitu kimoja, nacho ni hiki nilichokishika.

Mnalijua daftari hili? Mama zangu mlioketi mbele mnalijua vizuri kuliko mimi. Ni daftari la kurasa 200, jalada lake gumu la rangi ya buluu limeliwa kona na mchwa, na kurasa zake za mwanzo zimekakamaa kwa maji ya mvua iliyovuja kwenye kioski. Ndani yake mna kila mtungi wa lita 20 uliouzwa katika kisima hiki kwa muda wa miaka tisa niliyokuwa mweka hazina wa kamati ya maji. Kila jioni tuliandika namba ya mita, idadi ya mitungi na fedha zilizopatikana. Na kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, baada ya swala ya alasiri, tulikutana chini ya mti huu huu, na daftari likasomwa kwa sauti mbele ya kila aliyependa kusikia.

Je, mnakumbuka nani alikuwa akilisoma? Sikuwa mimi. Mlikataa, na mlikuwa na haki kukataa, kwamba mwenye kuandika hesabu ndiye awe msomaji wake. Mlimchagua mtoto wa shule, wa darasa la saba, na kila mwaka mtoto mpya, naye alisoma kilichoandikwa bila kujua kipi ni cha kuonea haya na kipi ni cha kujivunia.

Sasa fungueni nami ukurasa huu wenye wino mwekundu. Mwezi huo fedha zilipungua shilingi 1,850. Nilikuwa nimemlipa fundi aliyekuja usiku kubadilisha vali ya pampu, nikazitoa mkononi, sikumwomba stakabadhi. Mtoto alisoma namba ya mauzo, akasoma namba ya benki, kisha akanyamaza, kwa sababu hata yeye aliona kwamba hazilingani. Nilisimama nikaeleza habari ya fundi na vali. Mzee mmoja, ambaye sasa ametangulia mbele ya haki, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: “Stakabadhi iko wapi, mwanangu?” Sikuwa nayo. Nilizilipa fedha hizo kutoka mfukoni mwangu kwa muda wa miezi mitatu, na malipo yote matatu yameandikwa hapa kwa wino mwekundu.

Je, mlinifukuza? Hamkunifukuza. Je, mlinisamehe bila kuniuliza? Hamkunisamehe bila kuniuliza. Mliniuliza, nikajibu, nikalipa, tukaendelea, na tangu siku ile hakuna aliyetumia hata shilingi ya kisima bila karatasi. Pampu ilipoungua miaka miwili baadaye hatukumwendea mwanasiasa yeyote kumwomba harambee. Tulikwenda benki tukatoa fedha zetu wenyewe, na siku ya nne maji yalikuwa yakitoka.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kisima kimoja kina daftari. Je, wadi nzima inalo? Kaunti nzima inalo?

Ndugu zangu, inalo. Hilo ndilo jambo lililonifanya nigombee. Daftari la kaunti lipo, limewekewa sheria, lina tarehe zake na watu wanaolipwa mshahara ili waliandike na walikague. Kinachokosekana ni ile Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Anakosekana yule mtoto wa kulisoma kwa sauti, na anakosekana yule mzee wa kuuliza stakabadhi iko wapi.

Katiba tuliyoipigia kura tarehe 4 Agosti 2010 inasema katika Ibara ya kwanza kabisa kwamba mamlaka yote ni ya wananchi wa Kenya. Ibara ya 185 inalikabidhi bunge la kaunti kazi mbili kubwa, kutunga sheria za kaunti na kuisimamia kamati kuu ya kaunti, yaani gavana na mawaziri wake. Kisha ipo Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, na kifungu chake cha 9 kinaeleza mwakilishi wadi ni mtumishi wa namna gani: awe karibu na waliomchagua, ashauriane nao juu ya mambo yaliyo mbele ya bunge, na awasilishe maoni yao huko. Kifungu hicho hicho kinamkataza kujiingiza katika kazi za utendaji za serikali ya kaunti, na kinamkataza kutoa huduma kana kwamba yeye ni afisa au mwajiriwa wa kaunti.

Naomba tulitafakari katazo hilo. Mgombea anapopanda juu ya gari na kuwaambia, “Nichagueni nitawajengea barabara,” anawaahidi kazi ambayo sheria imemkataza kuifanya. Kazi yake ni kuhakikisha barabara imo kwenye bajeti, kisha kumwuliza waziri wa kaunti kwa nini fedha zimetoka na barabara haijaonekana. Kujenga na kusimamia mjenzi ni kazi mbili. Mtu mmoja akizishika zote mbili, nani atamwuliza?

Tangu kaunti zianze mwaka 2013 tumemgeuza mwakilishi wadi kuwa mfuko wa matanga. Tukifiwa tunamwendea, karo ikitushinda tunamwendea, paa la msikiti au la kanisa likivuja tunamwendea. Siwalaumu, kwa sababu shida ni za kweli, na mwenye njaa hawezi kuambiwa asubiri ripoti. Wala sina neno baya juu ya harambee yenyewe. Neno hilo limeandikwa kwenye ngao ya taifa letu, na shule ya msingi tuliyosomea wengi wetu hapa ilijengwa kwa harambee, mama zetu wakibeba mawe ya matumbawe vichwani. Lakini katika harambee ile kila mtu alitoa, na kila mtu alijua kilichotolewa. Hii ya leo anatoa mmoja, sisi tunapiga makofi, na hakuna anayemwuliza amezitoa wapi.

Hebu tuulize basi. Mshahara wa mwakilishi wadi unajulikana, unapangwa na tume na kutangazwa. Ukizidisha mazishi ya mwezi mmoja katika wadi hii kwa shilingi elfu ishirini kila msiba, mshahara umekwisha kabla ya kufika karo na ada za hospitali. Zinazobaki zinatoka wapi? Ama atapata zabuni kwa jina la shemeji yake, ama atazipokea kwa wale anaopaswa kuwasimamia. Na siku bajeti itakapofikishwa mezani, ataipitisha kimya, kwa kuwa mdomo wake umekwisha kununuliwa kwa fedha ambazo sisi tulizila kwenye matanga.

Mama mmoja, ambaye sitamtaja, alinigongea mlango mwezi Januari kabla ya jua kutoka. Mkononi alikuwa na barua ya mwanawe ya kujiunga na kidato cha kwanza, imekunjwa mara nyingi hata mikunjo ikaanza kupasuka. Wiki tatu alikuwa akizunguka kwa wanasiasa akitafuta shilingi elfu tano. Sikuwa na elfu tano. Nilivaa viatu nikaenda naye kwenye ofisi inayoshughulikia basari, tukaomba kuona orodha. Siku ya kwanza tuliambiwa afisa hayupo. Siku ya pili tuliambiwa orodha ni ya siri. Siku ya tatu kijana mmoja wa pale, Mungu amlipe, alivuta droo akatuonyesha: fomu ya mtoto yule ilikuwa imelala humo tangu Novemba, imejazwa yote, isipokuwa haikuwa na muhuri wa chifu, na hakuna aliyemwambia mama yake. Tulipata muhuri kwa chifu siku hiyo hiyo. Basari haikutosha karo yote, na mtoto aliripoti shuleni akiwa amechelewa, lakini aliripoti kwa haki yake, bila kumpigia mtu yeyote magoti.

Ningekuwa na elfu tano asubuhi ile, ningempa na kuonekana mtu mwema, na ile droo ingebaki imefungwa. Fomu nyingine ngapi zimelala humo? Hilo ndilo swali la mwakilishi wadi.

Sasa geukeni nyuma mtazame zahanati. Naomba mgeuke kweli, hata nyinyi wazee mnaoumwa na shingo, kwa sababu tumepita pale kila siku mpaka macho yamezoea. Kuta zimefika kwenye lenta. Madirisha hayana vyuma. Mlangoni mmeota mbaazi, na mchana mbuzi huingia kujikinga na jua. Bango la mradi limeanguka, na ubao wake, nasikia, sasa ni meza ya muuza samaki. Mwaka juzi dada yetu mmoja alijifungua kando ya barabara, juu ya leso zilizotandikwa na wanawake waliokuwa wakitoka shambani, dereva wa pikipiki amegeuka upande wa pili kwa heshima, huku hospitali iliyo karibu ikiwa bado mbali. Mama na mtoto wako hai. Tunamshukuru Mungu kwa hilo, na hatuna mwingine wa kumshukuru.

Baada ya siku ile niliandika barua. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma iamue ombi ndani ya siku 21. Niliandika kwa mkono, Kiswahili, nikaomba nakala ya mkataba wa zahanati na orodha ya malipo. Siku 21 zilipita, kimya. Niliandika tena, nikajibiwa kwa mdomo kwamba nilete barua rasmi, kana kwamba ile ya kwanza ilikuwa barua ya mapenzi. Niliandika mara ya tatu, nikaongeza kwamba nisipojibiwa nitapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo kazi yake ni pamoja na hiyo. Ndipo nikapewa karatasi mbili.

Karatasi ya pili inaonyesha malipo kwa awamu. Msingi umelipiwa. Kuta zimelipiwa. Paa limelipiwa.

Paa limelipiwa, wazee wangu. Mnaliona? Nani hapa analiona paa?

Yupo mtu aliyetia sahihi kwamba paa limeezekwa. Kwa jina simjui, na leo simshutumu mtu, kwa kuwa kuhukumu ni kazi ya mahakama. Ninalosema ni kwamba kati ya sahihi ile na nafasi iliyo wazi juu ya kuta zile palipaswa kuwa na mtu wa kuja kutazama kwa macho yake, na mtu huyo tulimchagua sisi wenyewe. Kila mwaka wa fedha unakwisha tarehe 30 Juni. Katika miezi sita, yaani kufikia mwisho wa Desemba, Katiba inamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali awe amekagua hesabu za kila kaunti na kutoa ripoti, na ripoti ikishafika, bunge la kaunti lina miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Ripoti hizo ni za umma. Zimeandikwa Kiingereza kizito, kurasa juu ya kurasa, ingawa Ibara ya 7 ya Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ninawaahidi hili, nanyi mliandike: nikichaguliwa, kila ripoti ya mkaguzi inayotaja jambo la wadi hii nitaifasiri na kuisoma hapa, chini ya mwembe, na nitamtafuta mtoto wa darasa la saba aisome pamoja nami.

Mtaniuliza, na swali hilo nimeulizwa hata na mume wangu: je, huogopi? Naogopa. Naomba niwakumbushe habari ya mtu mmoja aliyeishi Mombasa miongoni mwetu, na wengi hatukumjua. Alikuwa karani mdogo wa Benki Kuu ya Kenya, jina lake David Munyakei. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 karatasi za kashfa tunayoiita Goldenberg zilipita mezani kwake: mabilioni ya shilingi yalikuwa yakilipwa kama fidia ya kuuza dhahabu na almasi nchi za nje, ilhali Kenya karibu haina almasi, na dhahabu yake ilikuwa kidogo mno. Aliuliza wakubwa wake, akaambiwa afanye kazi yake. Alizifikisha karatasi zile kwa wabunge wa upinzani, na hivyo ndivyo nchi ilivyojua. Mwaka 1993 alikamatwa na kushtakiwa, na hata baada ya mashtaka kuondolewa alifukuzwa kazi. Alikuja huku Pwani, akasilimu, akaoa. Mwaka 2004 shirika la Transparency International lilimpa tuzo ya uadilifu. Alifariki mwaka 2006 akiwa maskini, hakurudishiwa kazi yake.

Ninapomfikiria Munyakei namkumbuka yule kijana aliyevuta droo. Ndani ya kila ofisi wamo watu wa namna hiyo. Wanaona karatasi, wanajua lipi ni halali na lipi si halali, na wanaogopa kwa sababu wanajua wakisema hakuna wa kusimama nao. Nawaambia walioajiriwa na kaunti, na najua wapo hapa, wengine wamesimama kule nyuma kwenye kivuli ili wasionekane: nikiwa bungeni, atakayeniletea ukweli sitalitaja jina lake, na akionewa kwa ajili yake nitasimama hadharani.

Nimewaambia kazi yangu. Niruhusuni sasa niseme yenu, na hapa sitawabembeleza.

Sheria inataka wananchi washirikishwe katika bajeti. Makadirio yanapaswa kufika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, na kati ya hapo na mwisho wa Juni kuna nafasi ya kusema. Nilihudhuria kikao kimoja cha namna hiyo. Tangazo lilikuwa limetoka gazetini siku chache tu kabla, ukumbi ulikuwa mjini, nauli ya kwenda na kurudi ni kibarua cha siku nzima. Tulikuwa watu saba kutoka wadi hii. Saba! Na wanne kati yao walikuja kwa kuwa walisikia kuna chakula. Aliyepanga kikao kile vibaya atajibu lawama yake, nami nitadai bungeni kwamba vikao vifanyike katika kila wadi na matangazo yabandikwe misikitini, makanisani na sokoni siku za kutosha kabla. Lakini kikiletwa hapa, mtakuja? Mtakuja siku isiyo na unga?

Kisima hiki hakikulindwa na mweka hazina mwema. Kililindwa na watu thelathini, arobaini, waliokuja kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, wengine na watoto mgongoni, wakasikiliza namba za kuchosha mpaka ya mwisho. Hiyo nayo ni huduma kwa jamii, sawa na ya wahudumu wa afya wanaozunguka nyumba kwa nyumba, sawa na ya vijana waliozibua mtaro mvua ya masika ilipotufurikia. Ninaomba watu wawili kutoka kila kijiji, mwanamke na mwanamume, wasio jamaa zangu, wawe kamati ya kunihoji. Kila miezi mitatu nitakuja hapa mbele yao na mbele yenu nieleze vikao nilivyohudhuria, hoja nilizotoa, kura nilizopiga, na miradi niliyoikagua kwa miguu yangu. Nisipokuja mara mbili mfululizo bila udhuru, watangaze jina langu msikitini na kanisani kwamba nimekimbia hesabu.

Nimalizie na daftari la pili, ambalo hamjaliona. Hili ni jipya, lina kurasa nne tu zilizoandikwa. Ndani yake mna kila shilingi niliyochangiwa kwa ajili ya kampeni hii na kila shilingi niliyoitumia, pamoja na kodi ya viti mnavyokalia na spika hii inayokwaruza. Stakabadhi zimebanwa nyuma kwa pini. Nimeliweka mezani pale, kwa katibu, na kalamu iko pembeni yake. Mwenye macho mazuri alisome, mwenye macho mabovu asomewe, na atakayeona namba isiyoelekea aizungushie duara.

Maswali tuyaanze kwa kina mama walioketi mbele, kisha vijana wa ukutani.